Njia ya Ziwani na Kimya Changu

Koku mwanangu,

Barua hufunguliwa kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Una mafua, umenuna, na saa hizi uko Buhongwa kwa shangazi yako unakula sato wa kuagwa, huku ukimweleza kwamba mama amebadilika tangu aolewe. Mweleze tu. Yeye ni dada wa marehemu baba yako, ana haki ya kusikia. Mimi nimekaa mlangoni, jua la saa kumi linanipiga magotini, begi lako kubwa liko pembeni yangu limefungwa kamba kwa sababu zipu imeshindwa, na huyu mume wangu Bundala amekwenda Igogo kumalizia injini ya boti ya mtu. Nyumba imetulia. Nimepata nafasi ya kuandika yale ambayo kwa majuma mawili tumeshindwa kuyasema, tukabaki kuulizana sukari iko wapi na nani amemaliza sabuni.

Habari za sweta na dawa ya malaria sitaziandika. Umeshaambiwa na kila mtu, hata na mama muuza maandazi ambaye hajawahi kufika Geita, seuze Kigali unakokwenda. Kesho alfajiri pale stendi ya Nyegezi nitakukumbusha pasipoti mara tatu, wewe utakunja uso mara tatu, tutakuwa tumemaliza. Hapa nataka kuandika habari za mkutano. Wako wa majuzi na wangu wa zamani.

Nimechoka, Koku. Miguu imechoka, lakini si hiyo ninayoizungumzia. Nimechoka kupima maneno. Miaka ishirini na minne nimekuwa nikipima kila neno kabla halijatoka mdomoni, na sasa ninapotaka kumwambia mtoto wangu jambo moja la kweli najikuta naanza kwa kumpongeza mwenyekiti.

Wa zamani unaujua nusu. Nusu hiyo nimekusimulia mara nyingi, tena kwa mbwembwe: jinsi mama yako, mgeni kutoka Kenya, alivyosimama katikati ya mkutano wa mtaa na mtoto mgongoni akawaambia ukweli. Ulikuwa unacheka, unaniambia, "Rudia tena, mama, pale ulipomnyooshea kidole." Nikarudia. Leo nikupe nusu ya pili, ambayo sikuwahi kukusimulia kwa kuwa haina mbwembwe.

Ulikuwa na miezi mitatu. Tulikuwa tumehamia nyumba hii majuma machache tu, baba yako ameniacha hapa yeye yuko kazini bandarini kutwa. Bomba la mtaa lilikuwa linafunguliwa saa mbili asubuhi, wakati wenye kazi wameshaondoka na ndoo tupu, kwa sababu ufunguo ulikaa nyumbani kwa mwenyekiti wa wakati ule, na mdogo wake alifungua akiamka. Mkutano ukaitwa. Kwetu Homa Bay, kwenye baraza la chifu, asiyepaza sauti hasikiki. Baba yangu alikuwa akisimama anagonga fimbo chini, anamtaja mtu kwa jina, yule naye anasimama anamjibu, halafu jioni wanakula pamoja. Ndivyo nilivyojua siasa. Basi nikasimama.

Nikasema, "Mwenyekiti, ufunguo uko kwako, mdogo wako analala, na wewe unatudanganya mchana kweupe."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Mwenyekiti alitabasamu, akasema, "Ahsante mama kwa mchango wako mzuri. Sijui mama ni mgeni wetu kutoka wapi?"

Watu wakapiga makofi kidogo, ya adabu. Nikakaa chini nikijua nimeshinda. Baba yako unamkumbuka, mtu wa Bukoba, msomaji wa magazeti yote na msemaji wa machache. Nilipomsimulia aliweka kikombe chini akasema, "Umesema kweli tupu, Akinyi. Sasa tutakaa nayo."

Tukakaa nayo. Hakuna aliyenitukana, Koku, hilo ndilo lililonichanganya. Nilizoea ugomvi, ningeujibu. Nikifika bombani, wanawake walinisalimia vizuri kabisa, habari za asubuhi, za mtoto, za kazi, kisha mazungumzo yao yakaisha palepale kama redio iliyozimwa. Siku moja nikasikia vilio nyumba ya tatu. Nikachungulia, nikaona majirani wanapita na kuni na masufuria. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amefariki tangu jana yake, na mtaa mzima ulikuwa umepitiwa kuambiwa isipokuwa mlango wangu. Nikachemsha chai yangu nikanywa peke yangu, nikisikia watu wakilia hatua thelathini kutoka kwangu, na sikujua kama ninaruhusiwa kwenda kulia nao.

Halafu ikaja habari ya cheti chako cha kuzaliwa. Nilihitaji barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nikaenda kwa mwenyekiti. "Karibu sana mama. Mhuri sinao hapa, njoo kesho." Nikaenda kesho. "Karibu sana mama." Nilikwenda mara sita, na mara zote sita nilikaribishwa vizuri sana.

Aliyenitoa pale ni Bundala. Ndiyo, huyuhuyu. Alikuwa kijana bado, mjumbe wa nyumba kumi zetu, na marehemu mkewe, Mama Sayi, ndiye aliyenivuta mkono nikitoka kwa mwenyekiti mara ya sita, nikiwa karibu kulia. Nikaketishwa barazani kwao. Bundala anafuta grisi mikononi, hanitazami.

"Dada, tangu mhamie hapa ulishapita kwangu?"

"Nipite kufanya nini?"

"Kubisha hodi."

"Mume wangu alishakwambia tumehamia."

"Mumeo aliniambia yeye amehamia. Wewe nilikusikia mkutanini."

Mama Sayi akacheka hadi akakaa chini. Bundala akafungua daftari lake la wakazi, lile lenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa nyavu, akaniandika: jina, ninakotoka, mtoto mmoja. Kisha akasema, "Hilo la bomba ni kweli. Kila mtu analijua. Lakini ulimwambia mbele ya mama mkwe wake."

"Mama mkwe wake alikuwepo?"

"Yule wa kitenge cha njano. Aliyekupa kiti."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba huku maneno hayaendi mkutanini kwanza. Yanaanzia barazani kwa mjumbe, yanahamia kwenye chai ya mwenyekiti, yanalala siku mbili, na yakifika mkutanini yameshapoa kiasi cha kila mtu kuyashika. Mkutano ni wa kuyashuhudia tu. Kesho yake Bundala alinipeleka. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo mwenyekiti, nimekuja kujitambulisha." Akasema, "Marahaba. Sasa tumekuona, mama." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa mhuri uliofungwa kwenye leso. Ulikuwa hapo mara zote sita. Barua hiyo ndiyo iliyotoa cheti, na cheti hicho ndicho ulichopeleka mwaka huu kuombea pasipoti. Kila ukiifungua mpakani, jua ilianzia mfukoni mwa shati la mtu niliyemwita mwongo.

Na bomba? Wiki iliyofuata lilianza kufunguliwa alfajiri. Hakuna aliyesema ni kwa sababu yangu, wala sikuuliza.

Hapo ndipo ningependa hadithi iishe. Mama amejifunza, maji yametoka, watu wote wanapendana. Lakini nilijifunza kupita kiasi, nyathina, mwanangu. Nilijua nisimame lini na niketi lini. Nilijua kusema "mwangaluka" kwa wazee wa Kisukuma kabla hawajaniwahi. Nilijua kuanza na pongezi, na kuna siku nilipongeza mtaro ambao haujachimbwa. Wakaniweka kwenye kamati ya maji, wakaacha kuniita mgeni, wakaanza kuniita Mama Koku, na mimi nikaipenda sauti hiyo kuliko kitu chochote. Msibani sasa naitwa wa kwanza. Ni raha ambayo huwezi kuijua mpaka umewahi kunywa ile chai peke yako. Ila sikuiona siku ambayo kuzoea kulikwisha na kuogopa kukaanza. Ilipita kimya, labda nilikuwa nafua.

Halafu akaja Bundala tena. Ngoja nipumzike kidogo hapa, maana nikimwandika natabasamu peke yangu mlangoni na wapita njia wananitazama.

Najua unaona aibu mama yako akisema hivi katika umri huu. Vumilia. Baba yako amefariki wewe uko kidato cha pili, Mama Sayi amefariki miaka sita sasa, na mimi nilikuwa nimeshajiandikia kuzeeka. Kumbe mtu huyu anakuja na daftari kuhakiki wakazi. Mara ya kwanza nikamjibu, tuko wawili. Baada ya siku tisa akaja kuhakiki tena. Tuko wawili, mjumbe. Mara ya tatu mwezi uleule nikamwambia, "Bundala, nyumba hii hata paka haina, unahakiki nini?" Akafunga daftari, akasema, "Nahakiki kama kuna nafasi." Koku! Nilimwaga mchele! Nilikukuta wewe unacheka jikoni, unakumbuka? Ulicheka kwa furaha siku hiyo. Ndiwe uliyenisuka nywele za harusi. Na mpaka leo, miezi minne, anapita dukani kwa Mangi jioni kuninunulia biskuti moja ya nazi, moja tu, anaiweka kwenye mfuko wa shati inafika imevunjika, na ananiita Bibi Harusi mbele ya wateja wake wenye mikono ya grisi. Nikisikia pikipiki yake inapanda mlima, najifuta uso kwa kanga kama msichana. Sikujua kwamba moyo unaweza kurudishiwa kitu. Sikujua.

Ndiyo maana niliogopa. Sasa nimefika.

Juma lile la mkutano wako, ukuta ulikuwa umeshakamilika. Njia yetu ya ziwani, ile uliyoteremka na ndoo tangu una miaka mitano, ile ya wanawake wa dagaa, imezibwa kwa matofali na geti jeusi, na hakuna anayesema nani aliruhusu. Mimi na Bundala tulikuwa tumeshakwenda kwa mwenyekiti wa sasa. Tulikunywa chai. Alisema jambo linashughulikiwa. Tukaenda tena, tukanywa chai tena, linashughulikiwa. Wanawake wa dagaa walikuwa tayari wanazunguka kwa barabara kubwa na beseni kichwani, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi.

Mkutanini ulisimama. Sikujua utasimama. Ukasema, "Naomba kuuliza, nani aliuza njia ya ziwani?"

Kukawa na kimya kilekile. Nilikitambua kabla hata hakijatua. Mwenyekiti akacheka, akasema, "Huyu binti amesoma sana hapo chuoni Nyegezi, tumwombee apate kazi haraka." Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Au mume!" Wakacheka zaidi. Wewe hukuketi. Ulinitafuta kwa macho, ukanikuta. Nami nikainamisha kichwa, nikaanza kukunja pindo la kanga yangu, nikalikunja vizuri, nikalikunjua, nikalikunja tena, mpaka ukaketi.

Nyumbani uliniuliza swali moja, ukiwa umesimama hapahapa mlangoni. "Mama, umeolewa na Mzee Bundala au na kiti chake?" Nilisema chakula kitapoa.

Nilikuwa nimejiandalia jibu, ujue. Nilitaka kukwambia kwamba ilikuwa busara, kwamba ulikurupuka, kwamba mambo yana taratibu. Na kwa kweli ulikosea kidogo, nitalisema mara moja tu: ulipouliza nani aliuza, ulimbana mtu kwenye kona ambayo njia pekee ya kutokea ilikuwa kukucheka. Mimi nilimbana mwenzake vilevile mbele ya mama mkwe. Lakini kimya changu hakikuwa busara. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, mtu atauliza tena kwa adabu mama ni mgeni wetu kutoka wapi, baada ya miaka yote hii, na mimi nitakuwa na umri huu ninaanza upya kunywa chai peke yangu. Niliogopa watasema mjumbe ameoa mropokaji. Nilikuwa na miezi minne tu ya furaha mkononi, nikaishika kwa nguvu, na ili niishike nikakuachia wewe. Hakuna namna nzuri ya kuliandika hilo. Nisamehe.

Juzi nilimwambia Bundala. Alikuwa anasafisha kabureta kwenye sahani yangu nzuri, na sikumgombeza, ujue jinsi nilivyokuwa.

"Mwanao alisema kweli," akasema.

"Wewe ni mjumbe. Mbona hukusimama?"

"Nilikuwa nakutazama wewe. Nilisema Bibi Harusi akisimama, nami nasimama. Wewe ulikuwa unanitazama mimi?"

"Nilikuwa natazama kanga."

Akapuliza kabureta. "Basi tumeoana vizuri," akasema. "Waoga wawili, daftari moja."

Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Leo asubuhi, ulipokuwa umelala, nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilibisha hodi, nikamwamkia, nikanywa chai yake kwa mara ya tatu. Kisha nikamwambia: mwenyekiti, mkutano wa Jumapili nitasimama kuuliza habari za njia ya ziwani, na nimekuja kukwambia leo ili isikushtue. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama Koku, hii siyo lugha yako."

"Ni lugha yangu ya zamani, mwenyekiti."

"Mumeo anajua?"

"Anajua. Ndiye atakayenishikia mkoba."

Hakutabasamu. Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na sijui kama ilikuwa heshima au alitaka kuhakikisha nimeondoka. Sijui Jumapili itakuwaje. Ukuta ni wa matofali, na mimi ni mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu. Huenda bombani Jumatatu pakawa kimya. Nimeshakaa nacho hicho, nakijua kilivyo.

Kuhusu Kigali sina ninachojua. Nimesikia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi majirani hutoka pamoja na majembe na mafagio kufanya kazi za mtaa, na wakimaliza hukaa kikao. Utakuwa mwalimu wa Kiswahili katikati ya watu wanaojua kitu usichokijua, nani mkwe wa nani, kimya kipi ni cha hasira na kipi ni cha kawaida tu. Sitakwambia usimame au uketi. Ila siku za mwanzo tafuta aliye na daftari, chochote wanachokiita huko, na bisha hodi mlangoni kwake kabla hajakusikia. Na baadaye, watakapoacha kukuita mgeni na ukaanza kuipenda sauti hiyo kama nilivyoipenda mimi, nikumbuke na kanga yangu.

Jambo dogo la mwisho. Mtu akihama, mjumbe huandika "amehama" mbele ya jina lake. Jana nilimwona Bundala amefungua daftari, kalamu mkononi, ameduwaa. Alipoondoka kwenda kazini nikachungulia. Ameandika "amesafiri." Sikuombi umwite baba. Nakuomba tu kesho pale stendi, akikubebea begi lako la kamba, umwache alibebe.

Na Jumapili, saa kumi, ukiwa huko popote, jua kwamba nimesimama. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo na sijampongeza mtu yeyote. Nitasema hivi: Naitwa Akinyi, mama yake Koku, nyumba ya sita, kwa mjumbe Bundala. Nilikuja hapa kutoka Homa Bay. Binti yangu aliuliza swali katika mkutano huu, akachekwa, nami nikanyamaza. Nimekuja kuliuliza tena.

Mimi mama yako, ambaye safari hii mikono yake haitashika pindo la kanga,

Akinyi